Majumlisho mangapi kwa dakika?

Programu ya hisabati ya Gredi ya 1 hadi 3 ikiingia shule za Nairobi, kwa kawaida huja na kitabu cha mwanafunzi, mwongozo unaompangia mwalimu somo hatua kwa hatua, na afisa wa kumtembelea darasani. Baadaye huulizwa: je, watoto wamejua hesabu?

Kipimo kinachotumika sana ni EGMA, yaani tathmini ya hisabati ya madarasa ya mwanzo. Mtathmini huketi na mtoto mmoja mmoja. Kusoma namba 20, kujumlisha 20 na kutoa 20, kila zoezi lina sekunde 60. Kulinganisha namba, kujaza iliyokosekana, kujumlisha na kutoa kwa tarakimu mbili na maswali ya hesabu ya maneno hayapimwi kwa saa.

Wanaoitetea saa wana hoja. Anayetafuta 8 + 5 kwa kuhesabu vifuniko vya soda kuanzia moja atamaliza maswali machache. Anayeanzia 8, akasema tisa, kumi, atampita. Anayemega 2 kwenye 5 ili 8 itimie kumi, abakiwe na 3, atawaacha wote wawili. Kasi, basi, inaeleza njia.

Ila kasi hupanda hata kwa kukariri. Mpe mtoto aliyekariri 42 − 17 uone. Anaandika 35: ametoa 2 kwenye 7, kisha 1 kwenye 4, kwa kuwa kwake ndogo hutolewa kwenye kubwa popote ilipo. Mwenzake anaandika 26, kidole kimeteleza tu. Fomu inawapa wote sifuri. Huyu wa pili anahitaji mazoezi. Wa kwanza akiongezewa mazoezi atazidi kulizoea kosa. Anahitaji vijiti vilivyofungwa kumi kumi, na fungu moja lifunguliwe mbele yake.

Lugha nayo. Kiswahili husema "kumi na tatu", na kumi inasikika. Jina la Kiingereza hutanguliza tatu, na mtoto wa Mathare huandika 31. Wapo wasemao mtihani ufuate Kiingereza kwa kuwa vitabu ni vya Kiingereza, na si hoja ya kupuuza. Lakini angalau maelekezo yatolewe kwa lugha anayoielewa, la sivyo tunapima masikio.

Halafu kuna wapangaji wanaohama na watoto wao. Watoto walio nyuma kihesabu wakiondoka katikati ya mwaka, wastani wa waliobaki hupanda bila mwalimu kubadili chochote. Orodha ya majina ya mwanzo itunzwe, na shule zisizo na programu zipimwe siku zile zile, maana mtoto hukua mwaka mmoja hata bila mwongozo.

Dakika ningeiacha ilivyo. Ningeongeza maswali matano ya kutoa kwa kukopa, na mtathmini aandike jibu lenyewe, 35 au 26, badala ya alama ya kosa. Mafunzo ya walimu ya muhula unaofuata yaanzie kwenye majibu hayo.