Kuonja ziwa na kulipima

Mzee wa Kadiria, tarika ya Masufi (Waislamu wanaofuata njia ya moyo), akiketi kwenye halka ya zikiri, duara la kumtaja Mungu, hapa Bukavu, hakosekani kijana wa kumwuliza: haya umeyatoa wapi? Mzee hujibu kwamba Mungu hajulikani kwa kusoma tu. Kuna maarifa ya kuonjwa.

Neno hilo, maarifa, limetuponyoka. Kwetu maarifa ni ya fundi, mbinu ya kujinasua kwenye shida. Masufi wanakusudia moyo kumtambua Mola, baada ya kusafishwa kwa toba, subira na zikiri, chini ya uangalizi wa shehe.

Shahidi wao mzito ni al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, maana hakupungukiwa na vitabu. Mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu katika chuo cha Nidhamia, Baghdad, akashika njia yao. Hoja yake ni nyepesi: kujua maana ya afya si kuwa na afya. Tabibu anayeumwa anaijua afya kuliko sisi sote, na bado yuko kitandani.

Sisi wa kando ya ziwa Kivu hoja hiyo inatuingia upesi. Mvuvi wa sambaza, samaki wetu wadogo, analijua ziwa kwa mikono yake, gizani, na hakuna ramani itakayompa mwingine ujuzi huo. Lakini ziwa hilohilo limebeba gesi ya metani iliyoyeyuka kilindini, na ukubwa wake haukujulikana kwa nyavu, bali kwa vipimo. Aliyeonja hajalimaliza ziwa.

Hapo kijana anapata nguvu. Anayedai kuonja anaweza kudanganyika, au kudanganya, na muridi, mwanafunzi wa shehe, aliyezoeshwa kutii bila swali hana pa kukimbilia. (Wenye maono yanayoishia kwenye sadaka tunao mjini, na si Waislamu peke yao.) Ila kijana anakosea akidhani Masufi hawakuliona hilo. Junayd wa Baghdad, Sufi mkubwa aliyefariki mwaka 910, alishikilia kwamba elimu yao imefungamana na Kitabu, yaani Kurani, na Suna ya Mtume. Hata Ibn Taymiyya, mwanachuoni ambaye vijana humtaja kama rungu la kuwapigia Masufi, alimsifu Junayd na akaandika sharhi ya maneno ya Abdul Qadir al-Jilani, huyohuyo ambaye Kadiria inaitwa kwa jina lake. Aliowashambulia ni Masufi wa falsafa, akina Ibn Arabi.

Basi mzee namwachia alichokionja. Sina chombo cha kukipimia. Akitoka nacho kwenye halka akakifanya amri, fulani amwoe fulani, fulani atoe kadhaa, hapo nitamdai dalili kama kijana, na Junayd nitakuwa naye upande wangu.