Wa Boda Boda Ndio wa Kwanza Ziwani

Jamani, Kampala hadi Entebbe ni kama kilomita 40, na sisi tumezikanyaga zote kwa mguu. Kajjansi jua la utosi, Kisubi malengelenge. Nafika ufukweni mwa Ziwa Victoria soksi imegandana na kidole, nakuta nani? Wale wale waliopotea njiani eti "kununua maji". Wameshushwa na boda boda, wanachambua samaki ngege wa kukaanga, viatu havina hata vumbi! Na kwenye picha ndio hao mbele, wameshika bango. Natafuta pa kukaa, naambiwa: "Ssebo (yaani bwana), sogea kidogo, unaziba ziwa." Tena wanaliita bahari. Bahari gani isiyo na chumvi? Ingekuwa nayo, si ningeloweka miguu.