Mkeka Mpya na Watumishi Wanaoondoka Kusini

Kila mkeka wa uteuzi unapotoka, Mtwara na Lindi huwa na mazungumzo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya walioteuliwa: nani kaja, katokea wapi, ni mtu wa nani. Ya pili huja miezi miwili mitatu baadaye, tena kwa sauti ya chini: mweka hazina kaomba uhamisho, mhandisi kachukua likizo bila malipo, afisa ushirika kaandika barua ya kuacha kazi. Na hukumu huwa imeshatoka kabla mtu hajafunga mizigo. Aliyeondoka alikuwa mtu wa bosi aliyepita, au ana jambo analificha, au kasi mpya imemshinda.

Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Inamwonea anayeondoka, na hasara yake inatuangukia sisi tunaobaki.

Wanaoitoa, hata hivyo, wana hoja za kusikilizwa. Kiongozi mpya ana haki ya kupanga safu yake, na ibara ya 36 ya Katiba inampa Rais mamlaka mapana juu ya nafasi za madaraka serikalini. Mtumishi naye anajua tangu siku ya kwanza kwamba kazi yake ni kuitumikia Serikali iliyopo, awe anaipenda au haipendi. Isitoshe, mabadiliko ya uongozi yamewahi kufumua uozo ambao miaka yote ulifumbiwa macho. Baada ya Rais Magufuli kuingia Novemba 2015 ulifuata msako wa watumishi hewa, kisha uhakiki wa vyeti, na Aprili 2017 alikabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uongozi uliozoeana na watu wake usingethubutu hivyo. Kwetu kwenye korosho kuna na jingine: mtumishi aliyekaa miaka mingi wilaya moja huzoeana na viongozi wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na wanunuzi wa kangomba wanaonunua korosho kinyemela nje ya ushirika, na mazoea hayo yana bei yake, ambayo hulipwa na mkulima. Kumhamisha mtu kama huyo ni kinga. Sina ubishi.

Lakini tusichanganye mafungu. Wale wa vyeti hawakuondoka, waliondolewa, kwa orodha na kwa ushahidi, na hata wao Serikali ya Rais Samia iliamua mwaka 2022 warudishiwe michango yao ya mifuko ya pensheni. Ninayemzungumzia mimi ana cheti halali, hana shtaka la nidhamu, hakuna aliyemtumbua, na bado anaondoka.

Tuangalie anaacha nini. Anaweza kutoa notisi ya saa 24 na kuilipa Serikali mshahara wa mwezi mmoja, basi, kesho yake yuko huru. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Tangu PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uanze kazi Agosti 2018, lile fao la kujitoa walilolijua kaka zetu, la mtu kuchukua michango yake akiacha kazi, halipo tena, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Pensheni inadai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Fikiria mtu mwenye miaka 13 kazini, mtoto wa kwanza yuko kidato cha pili, mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Huyo hawezi kuacha kazi kwa hasira za wiki moja. Akifika kuandika barua ujue amepiga hesabu usiku mwingi, na kila hesabu imemwambia abaki. Ni aliyefikisha miaka 55 tu anayeweza kutumia mlango wa kustaafu kwa hiari na kutoka na chake.

Kwa nini basi anaondoka? Ukikaa nao na kuwasikiliza, siasa hawaitaji sana. Wanataja maagizo ya mdomo. Mkuu mpya anataka mradi uonekane kabla ya ziara, anasema fedha ilipwe leo, karatasi zitafuata. Karatasi zisipofuata, hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, inamkuta mwenye sahihi kwenye hati ya malipo, na aliyeagiza ameshahamia mkoa mwingine. Wanataja kuitwa mbele ya mkutano wa hadhara na kuulizwa maswali ambayo majibu yake yamo kwenye faili mezani kwa huyohuyo anayeuliza, huku wananchi wakishangilia. Mtumishi anaweza kuvumilia mengi, lakini kudhalilishwa mbele ya wazazi wa wanafunzi anaosoma nao mwanawe ni jambo jingine. Na wanataja ile "atapangiwa kazi nyingine", ambayo kwa wengine huwa ni kiti, meza na mshahara, bila kazi, mwaka mzima. Mwenye taaluma yake huyo anaoza.

Kuna na ngazi. Zamani afisa aliyeanzia kata alijua kwamba akifanya vizuri atakuwa mkuu wa idara, na huenda siku moja mkurugenzi. Tarehe 7 Julai 2016 walitangazwa wakurugenzi 185 wa halmashauri, na 120 kati yao walikuwa wapya. Baadhi yao hawakuwa wamepitia utumishi wa halmashauri kabisa, na suala la makada wa chama kupewa ukurugenzi lilifika hadi Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani, mwaka 2019, kwa sababu wakurugenzi ndio waliosimamia uchaguzi. Wapo waliokuja bila uzoefu wakajifunza haraka, na halmashauri zikaenda. Lakini mkuu wa idara mwenye miaka 20 kazini aliyeona ngazi inakatwa juu yake alipata ujumbe, na hakuhitaji kutafsiriwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima raha, na sijaona likijadiliwa vya kutosha: kalenda. Uchaguzi mkuu wetu huwa Oktoba. Mwaka 2015 ulikuwa tarehe 25, mwaka 2020 tarehe 28, mwaka 2025 tarehe 29. Oktoba hiyohiyo ndiyo minada ya korosho inafunguliwa. Yaani mwezi ambao vyama vikuu vya ushirika vya kusini, TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao, vinahitaji ofisi za Serikali ziwe macho, ndio mwezi ambao kila mtu ofisini anajiuliza atabaki na nani. Na mikeka mikubwa ikija baadaye, bado inaangukia pabaya. Wakurugenzi wa 2016 walitangazwa Julai. Baada ya Rais Samia kuapishwa Machi 2021, wakuu wa mikoa walipangwa Mei, wakuu wa wilaya Juni, wakurugenzi Agosti. Mwulize mkulima yeyote wa Tandahimba Julai na Agosti ni nini. Mkorosho unachanua, ugonjwa wa ubwiriunga unanyemelea, na salfa, dawa yake ya kupulizia, ikichelewa wiki mbili maua yameshaungua. Ndio wakati afisa kilimo anatakiwa ajue nani amepata mifuko mingapi, kijiji kipi mashine za kupulizia zimeharibika, na nani ameandikisha mikorosho asiyokuwa nayo. Bosi mpya anapofika katika wiki hizo, afisa huyo yuko kwenye kikao cha kujitambulisha, na akiwa ameamua kuondoka, hayupo kabisa.

Walio Dar es Salaam au Dodoma wataona ni suala la wiki mbili tatu. Kwetu msimu ni mmoja kwa mwaka. Halmashauri zenyewe zinaishi kwa ushuru wa mazao, asilimia 3 ya bei ya zao la biashara, na kwa Newala au Tandahimba zao hilo ni korosho. Ofisi ikiyumba Oktoba, ni bajeti ya mwaka mzima iliyoyumba.

Novemba 2018 tuliona picha kubwa ya jambo hili. Tarehe 10 waziri wa kilimo na waziri wa viwanda na biashara waliondolewa, Bodi ya Korosho ikavunjwa, na siku mbili baadaye jeshi likaagizwa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei ilikuwa nzuri, na wanunuzi walikuwa wameshusha mno kwenye minada. Wakulima wengi walifurahi, sitawasemea vinginevyo. Lakini malipo yalipochelewa na uhakiki wa mashamba ukaanza, aliyekuwa anasimama mbele ya mkulima kijijini hakuwa waziri. Alikuwa afisa wa wilaya asiye na jibu, kwa sababu hata aliyepaswa kumpa jibu alikuwa mgeni kwenye kiti chake.

Utaambiwa ofisi ni taasisi, mtu huondoka faili hubaki. Basi isome taarifa ya makabidhiano ya ofisi. Ya afisa ushirika huwa hivi: meza moja, viti vitatu, kompyuta moja na printa mbovu, muhuri, pikipiki na namba zake za usajili, mafaili ya AMCOS kwa idadi. Sahihi ya anayekabidhi, sahihi ya anayekabidhiwa, sahihi ya shahidi. Hakuna mahali pameandikwa kwamba kwenye chama fulani shamba limo daftarini kwa jina la mume aliyefariki na akaunti ya benki ni ya mjane, kwa hiyo malipo hugoma kila mwaka hadi mtu apige simu benki. Hakuna kwamba mizani ya ghala fulani ililalamikiwa msimu uliopita, au kwamba katibu wa chama na mwenyekiti wake hawasemezani. Mrithi atayajua hayo, ndiyo, baada ya misimu miwili, na mjane atakuwa amekwenda mjini na kurudi mara nyingi mikono mitupu.

Na mrithi mwenyewe haji upesi. Kupangiwa kusini kulihesabiwa adhabu enzi zile Rufiji inavukwa kwa kivuko, na ingawa Daraja la Mkapa limefunguliwa tangu 2003, dhana haijafa. Anayepangiwa Liwale au Nanyumbu bado huanza na barua ya kuomba abadilishiwe. Nafasi inasubiri kibali cha ajira, anawekwa kaimu, kaimu anashika idara mbili, na hakuna anayethubutu kuamua jambo zito akiwa kaimu.

Mimi siombi watumishi wafungwe kamba wasiondoke, wala viongozi wapya wanyimwe safu zao. Nataka mambo mawili yanayowezekana bila sheria mpya. Uteuzi wa wakurugenzi na uhamisho wa wakuu wa idara za kilimo, ushirika na fedha kwa halmashauri za Mtwara na Lindi ufanyike kati ya Februari na Aprili, msimu ukiwa umefungwa na salfa haijagawiwa, isipokuwa pale penye tuhuma inayohitaji hatua ya haraka. Na taarifa ya makabidhiano iongezwe sehemu ya mashauri yaliyo wazi, chama kwa chama, kijiji kwa kijiji, isainiwe mbele ya ofisa wa chama kikuu cha ushirika. Madiwani wanaweza kuidai hiyo ya pili kwenye baraza lijalo, na waanze kwa kuuliza ni idara ngapi katika halmashauri yao zinaendeshwa na makaimu hivi sasa, na aliyekuwepo kabla yao aliondoka kwa sababu gani.