Krediti za diploma zisiishie kwenye bahasha

Jumapili binti wa dada yangu alikuja kwangu hapa Isevya, Tabora, na bahasha ya kaki mkononi. Akasema, "Shikamoo mjomba," akakaa, na kabla sijamletea maji machozi yakamtoka. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha diploma ya uhasibu, transkripti, na barua ya kupokelewa chuoni kusoma digrii ya uhasibu huohuo. Anaanza mwaka wa kwanza, miaka mitatu kamili.

"Nimewauliza kama kuna masomo watakayonisamehe, wakasema hawana utaratibu huo."

Tukaiweka transkripti kando ya orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, tukaanza kupiga alama kwa kalamu. Kanuni za uhasibu, kasoma. Hisabati za biashara, kasoma. Takwimu, kasoma, na ana A. Stadi za mawasiliano alizisoma kwenye cheti, akazirudia kwenye diploma, na sasa anaitwa kuzisoma mara ya tatu! Tulipofika mwisho wa orodha, masomo mapya kwake yalikuwa mawili tu.

Hili limeniuma, na sitalinyamazia. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, iwe kwenye vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, au vyuo vikuu vilivyo chini ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Kipimo ni kimoja. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 360, na za diploma huhesabiwa kwa saa zilezile. Kama krediti haivuki geti la chuo kingine, tuliihesabu ya nini? Abiria wa treni akifika Tabora kutoka Dar es Salaam anaunganisha kwenda Kigoma. Hakuna anayemrudisha kilomita 840 akapande upya kwa sababu behewa alilokuja nalo si la kwetu.

Wahadhiri watanijibu kwamba diploma hazilingani, kwamba kuna vyuo vinavyogawa A kama karanga. Haya, nakubali, vipo. Basi mpimeni mwanafunzi! Mpeni mtihani uleule wa mwisho wa muhula. Akifaulu asonge mbele, akishindwa akae darasani na wenzake. Marekani kuna mitihani ya CLEP inayosimamiwa na College Board. Ukifaulu, chuo kinachoitambua kinakupa krediti bila kuhudhuria kipindi hata kimoja. Na tusiende mbali: NBAA, bodi yetu ya wahasibu, humruhusu mwenye digrii ya uhasibu kuiruka ngazi ya awali ya mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu aliyeidhinishwa. Bodi hiyo inaheshimu alichosoma mtu kwingine, idara ya uhasibu inashindwaje?

Ada ya ile diploma ilitoka kwenye tumbaku, Sikonge. Dada yangu alikesha kwenye bani la kukaushia tumbaku akichochea moto, msimu baada ya msimu, ili mwanawe asome takwimu. Mtu anapomwambia arudie takwimu zilezile, anamwambia mama yake alipe mara mbili. Na akipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, ikiwemo fedha ya masomo aliyokwisha kuyafaulu.

Kuna wanaomshauri aende Chuo Kikuu Huria, kina kituo hapa Tabora, asome huku anafanya kazi. Ushauri mzuri, huenda akaufuata. Ule utaratibu wa TCU wa kutambua ujuzi wa mtu aliojifunza nje ya darasa nao una faida yake, ila huo unamfungulia mlango asiye na sifa za kuingia. Huyu sifa anazo.

Ninyi wazazi na walezi, kabla hamjalipa hata shilingi, ombeni chuo kiseme kwa maandishi ni masomo gani ya diploma kitayatambua. Sisi tumechelewa, lakini Jumatatu tuliandika barua kwa mkuu wa idara, tukaambatanisha transkripti na muhtasari wa kila somo alilosoma. Hatukuomba huruma. Tumeomba apewe mitihani minne, asahihishiwe kama mwanafunzi mwingine yeyote. Usiku ule alilala kwangu, na hadi saa sita taa ya chumba chake ilikuwa inawaka, kafungua daftari lake la zamani la takwimu.