La Monnaie ya Bruxelles, na ukumbi wetu wa Lubumbashi

Baridi ya Bruxelles nimeshaizoea. Wivu bado. Na wivu wangu mkubwa si wa barabara wala umeme usiokatika, ni wa jumba lao la opera, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, La Monnaie.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 1830 ilichezwa humo opera ya Daniel Auber, inayosimulia watu wa Napoli walivyowaasi watawala wa kigeni. Watazamaji damu ikawachemka, wakamiminika mitaani, na ghasia za usiku ule zikafungua njia ya Ubelgiji kujitenga na Uholanzi. Mwaka 1855 moto ukala jengo, zikabaki kuta za nje na nguzo za mbele. Msanifu majengo Joseph Poelaert akalijenga upya, na Machi 1856 watu wakaingia tena kusikiliza opera. Hadi leo wanaingia.

Ndani ni mahameli nyekundu, roshani juu ya roshani, na taa kubwa ya vioo inayoning'inia katikati ya kuba. Mimi hukata tiketi za juu kabisa, zile za bei nafuu, na kule ndiko unakoyaona mapambo kwa karibu: majani na maua yaliyojikunja, yote yanang'aa dhahabu. Ungeapa ni jiwe. Kumbe ni rojo la karatasi, gundi na unga wa chaki, lililokandamizwa kwenye kalibu, likakaushwa, likapakwa dhahabu. Vitu vyepesi namna hiyo, na bado vinatunzwa.

Ndugu zetu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Bruxelles, huniambia fahari yote hiyo ni jasho letu. Kwa majengo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, nakubaliana nao bila ubishi. Lakini La Monnaie ya Poelaert ilishasimama karibu miaka 30 kabla mfalme yule hajajitwalia Kongo mwaka 1885. Hapa wanachotushinda ni kutunza.

Sisi pia tunao ukumbi, kwetu Lubumbashi, Kongo. Miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Élisabethville, Mbelgiji Claude Strebelle na wenzake walichora jumba la maonyesho, jengo la kisasa lisilo na dhahabu, na zuri kweli. Lilijengwa katika mji uliotenga Wazungu mjini na Waafrika kwenye mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba. Uhuru ulipokuja, ilikuwa zamu yetu kukaa kwenye viti vile. Badala yake wakakaa wanasiasa. Leo linaitwa Jengo la 30 Juni, na ndimo kinamokaa kikao cha bunge la jimbo.

Hilo linaniuma. Lubumbashi haijawahi kukosa waigizaji. Kundi la Mufwankolo lilichekesha na kufundisha mji mzima kwa Kiswahili chetu, redioni na kwenye televisheni. Na watazamaji wetu! Bruxelles ukikohoa tu unageukiwa. Kwetu, mume wa kwenye mchezo akianza kudanganya, kuna mama atasimama kumwonya mke kwa sauti, na mwigizaji atamjibu palepale bila kupoteza mstari. Watu wa namna hiyo wanachezewa kwenye nyua za shule na kumbi za parokia, huku jukwaa lililojengwa kwa kazi hiyo likisikiliza hotuba.

Najua wabunge wanahitaji pa kukaa. Wajengewe pao, jimbo lenye shaba na kobalti kiasi kile haliwezi kushindwa na jengo moja. Na kabla ya hapo, wakiwa likizo, milango ifunguliwe kwa makundi ya mitaani, kiingilio kiwe cha bei ambayo mwuza makaa wa Katuba anaimudu. Mlangoni pawekwe maandishi ya Kiswahili yanayoeleza nani alilichora jengo, lilikuwa la nini na limepitia nini, ili mtoto anayepita akienda shule ajue kwamba mle ndani kuna jukwaa.