Rada ya Kupenya Ukuta: Zimamoto Wakae Nayo, Polisi Waiombe

Rada hii, chombo cha kumtafuta mtu aliye nyuma ya ukuta au chini ya kifusi, haioni sura yake. Hutuma mawimbi ya redio, aghalabu ya gigahezi 1 hadi 4, kisha husaka kilichosogea katika mawimbi yanayorudi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na mwinuko wa kifua, milimita chache tu, unatosha kumfichua. Ili kunasa angalau pumzi kumi, chombo kitulie karibu dakika nzima. Mkono ukitetemeka au feni ikizunguka, jibu linaharibika.

Ukuta nao huamua mengi. Tofali kavu hupitisha mawimbi, udongo uliolowa mvua za masika huyafyonza, na mabati huyarudisha. Nyumba ya mabati kule Nyalenda, Kisumu, haisomeki ila kupitia dirisha au mlango wa mbao.

Manufaa yake ni makubwa. Nchini Nepal, mwaka 2015, rada ya FINDER iliyobuniwa na NASA ilisaidia kupata wanaume wanne wakiwa hai chini ya kifusi. Huruma, Nairobi, jengo lilipoporomoka Aprili 2016, mwanamke aliopolewa hai baada ya siku sita: muda wa kutafuta huwa upo. Kisumu na Nakuru, ghorofa zinapopanda kila mwaka, zinakihitaji chombo hiki. Waokoaji wazime mashine zote, umati urudi nyuma, mabati yaliyolala juu ya kifusi yaondolewe kwanza, halafu wapime kutoka pande kadhaa. Rada ikikosa dalili ya mtu mara moja, wasiondoke.

Penye nyumba iliyosimama, mambo ni tofauti. Mwaka 2013 huko Wichita, Marekani, maafisa wenye hati ya kumkamata mtu walipima nyumba yake kwa rada bila idhini mahsusi ya jaji. Desemba 2014 mahakama ya rufaa haikubatilisha msako huo, ila ilionya kwamba chombo chenyewe kinazua maswali mazito.

Polisi wana hoja ya haki: penye mateka, kujua kama kuna mtu nyuma ya mlango huokoa maisha. Lakini rada ya aina iliyotumika Wichita huonyesha mwendo na umbali tu. Haitofautishi jambazi na mtoto aliyelala, na aliyejificha nyuma ya kabati la chuma haonekani kabisa. Anayevunja mlango kwa kuitegemea anabahatisha.

Wapo wanaodai kwamba kwa kuwa hakuna aliyekanyaga ndani, huo si upekuzi. Hatukubali. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya kinalinda nyumba isipekuliwe, na kuhesabu pumzi za watu chumbani ni kupekua. Kwa hivyo chombo kikae kwa zimamoto wa kaunti, kitumike kwenye kifusi bila kusubiri karatasi. Polisi wakikitaka, waje na hati ya mahakama inayokitaja kwa jina, pamoja na nyumba na saa ya kupima.