Toroli la Benjamin Franklin

Wanaomwona Benjamin Franklin, mchapaji na mwanasiasa wa Marekani wa karne ya 18, kuwa mnafiki huanzia kwenye toroli. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia kuwa, akiwa mchapaji kijana Philadelphia, alikuwa akinunua karatasi na kuzisukuma mwenyewe kwa toroli barabarani, watu wamwone kuwa haoni haya kufanya kazi. Kuwa mchapakazi hakukumtosha. Alitaka aonekane hivyo. Basi, wasemaji husema, kitabu chote ni toroli jingine.

Lakini habari hiyo tumeipata kwa nani? Kwa Franklin mwenyewe. Angeweza kuliacha toroli lisifie bidii yake na nia akaifunika, nasi tusingejua. Alianza kuandika mwaka 1771, ana miaka 65, akimwandikia mwanawe William. Kijana anasukuma, mzee anatufunulia kwa nini anasukuma. Sauti hizo mbili ndizo wakosoaji wanazozisikia kama moja. Hata unyenyekevu, fadhila ya 13 aliyoiongeza kwenye orodha ya fadhila alizotaka kujijengea, baada ya rafiki kumwambia ana majivuno, anakiri hakuupata sana. Alichopata ni sura ya unyenyekevu. Mtu anayejipamba tu hasemi hivyo.

Hoja yao nzito zaidi iko kwenye neno. Makosa yake Franklin huyaita kwa jina la kazi yake, makosa ya chapa: alitumia fedha za mtu alizokuwa amekabidhiwa, alipokuwa London alimwandikia mchumba wake, Deborah Read, barua moja tu. Kosa la chapa husahihishwa toleo likirudiwa. Deborah hakuwa herufi iliyopinda; aliolewa na mwanamume mwingine, ndoa ikamtesa, kabla Franklin hajarudi kumchukua. Hapo neno linapunguza uzito wa jambo, na sioni namna ya kumtetea.

Tena orodha hiyo ya makosa ina pengo. Mwaka 1723 Franklin, mwanagenzi wa miaka 17, alimtoroka kaka yake Boston, na kutoroka huko amekuandika kuwa kosa. Baadaye gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwasaka watumwa waliotoroka, naye mwenyewe alimiliki watumwa. Hayo hakuyaorodhesha. Februari 1790, akiongoza chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, alitia saini ombi kwa Bunge la Marekani dhidi ya utumwa. Alifariki Aprili, na mswada wa kitabu cha maisha yake ulikuwa bado haujasimulia zaidi ya miaka ya 1750.